Pilau ya Watu Wawili

NEEMA: Haya karibuni tena wapendwa, mko na mimi Neema na kaka yangu Kassim. Leo tunaongelea kitu ambacho wengi hapa Dar wanakipitia alafu hawakisemi. Sikukuu imefika, watu wamejazana stendi ya Magufuli pale Mbezi wanakwenda Moshi, Mbeya, Bukoba, we umebaki mjini na mwenzio, mko wawili tu ndani. Mnapika nini?

KASSIM: Na sio Krismasi tu dada. Mimi Idi iliyopita tulibaki na mama pale Temeke, dada zangu wote walikuwa ukweni. Sasa mama kazoea sufuria la kilo tatu, Idi kwake ni kilo tatu za mchele tangu nina akili zangu, akaniambia mwanangu pika wewe, mi kupima kidogo sijui.

NEEMA: Enhe, ikawaje?

KASSIM: Nikachukua vipimo vyake nikavigawa kwa kumi na mbili, si kilo tatu zinakuwa robo? Basi kila kitu hivohivo, maji, viungo, vitunguu, mafuta. Mchele ukatoka una kiini, chini umeshika. Mama alikula wala hakusema kitu, lakini iliniuma sana, maana ile ndo siku anaingoja mwaka mzima.

NEEMA: Pole kaka. Ni maji hayo. Yaani watu wanadhani kupikia wawili ni rahisi kuliko kupikia ishirini, mi nakwambia ni kazi zaidi, kwa sababu mchele unaupunguza ila mdomo wa sufuria na moto havipungui kwa kiasi kilekile. Sufuria la kilo tatu limejaa, mvuke unaopotea ni kidogo ukilinganisha na maji yaliyomo. We umetandaza robo kilo kwenye sufuria pana, maji yamekauka mchele bado mbichi. Mi kwa robo kilo, kila kikombe kimoja cha mchele naweka viwili vya supu, wakati kwenye kilo tatu ukipima hivo unapata bokoboko.

KASSIM: Kumbe. Na sufuria liwe dogo.

NEEMA: Dogo na mfuniko unaobana, mchele na supu vikiingia lifike nusu au lizidi kidogo. Alafu gesi, jamani, lile jiko moto wake unatoka mpaka nje ya kitako cha sufuria, pembeni panaungua katikati pabichi. Supu ikishakauka juu punguza moto mpaka mwisho, weka kikaango cha chapati chini ya sufuria, acha dakika ishirini usifunue. Ukiwa na mkaa ndo bora, palia juu ya mfuniko kama alivyokuwa anafanya bibi.

KASSIM: Hapo umenipa. Mi nilirudia mwenyewe wiki mbili baadae bila sikukuu, nikagundua la vitunguu. Nilivigawa nikabaki na kipande, pilau ikawa nyeupe kama wali wa kuchemsha. Rangi ya pilau ni kitunguu, kwa robo kilo weka viwili vizima, vikaange mpaka viwe kahawia iliyokolea, na usimame hapohapo maana vikiwa vichache vinaungua ghafla, ukiona vimefika tia supu kidogo visiendelee.

NEEMA: Viungo je?

KASSIM: Binzari nyembamba kijiko kimoja cha chai, iliki tatu, karafuu tatu, pilipili manga punje sita saba, mdalasini kipande cha kidole gumba. Nyama nusu kilo yenye mfupa, hapo usibanie, ni sikukuu na supu ndo inatoka hapo. Na supu uionje kabla ya mchele, chumvi isikike imezidi kidogo, mchele ukinywa inakaa sawa.

NEEMA: Kwangu mimi Krismasi bila machalari mume wangu anaona kama hajala, na mwaka huu haendi Kilimanjaro, anaingia kazini tarehe 26. Ndizi nafuata Mabibo, soko la Mahakama ya Ndizi, mkungu mzima kwa watu wawili utaiva ndani uwagawie watoto wa mtaa, kwa hiyo naomba nikatiwe chane moja. Machalari hayana shida ya vipimo, ndizi nane, nyama, nyanya, kitunguu, unaongeza maji unavyoona. Kwa anayeogopa pilau aanzie hapo.

KASSIM: Na kuku?

NEEMA: Nenda soko la Kisutu nunua mzima, wachinje wakukatie, nusu unabanika, nusu friza. Biriani ya wawili siipiki, rosti ikiwa kidogo inashika chini kabla nyama haijalainika.

KASSIM: Mama yeye shida yake haikuwa hata ladha, unajua. Alivyoona sufuria lile dogo aliniuliza, sasa jirani tunampelekea nini?

NEEMA: Ee, hilo! Mi ndo maana sipikii wawili, napikia watatu. Sahani ya tatu inafunikwa inaenda kwa mama wa nyumba ya pili, ye mwenyewe anaishi peke yake. Inayobaki ni kiporo cha asubuhi na chai, ila joto hili la Desemba usilaze pilau jikoni, ikipoa tu iingie kwenye friji, na asubuhi uipashe moto mpaka itoe moshi.

KASSIM: Idi ijayo nikapime vikombe kwa watatu basi. Sahani ya jirani aipeleke mama mwenyewe.

NEEMA: Aipeleke mwenyewe. Na ile ya udongo yenye maua, sio ya plastiki.

KASSIM: Ile ya kabatini. Nitamtolea.