Maji Yanapompalia Mgonjwa wa Saratani ya Mapafu

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi. Nimeitwa kuzungumzia kikohozi, lakini nitaanza na kupaliwa, maana ndiko wauguzaji nyumbani wanakohangaika zaidi.

Mgonjwa akikaukiwa sauti, halafu kila akinywa maji anapaliwa, msimgombeze kwamba ana pupa. Neva inayoendesha uzi wa sauti wa kushoto hushuka kwanza kifuani, ikazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu, ndipo ikapanda kooni. Uvimbe ukiibana huko chini, uzi unapooza na njia ya hewa haifungi sawasawa. Maji, kwa wepesi wake, yanapenya.

Ndiyo maana chai ya rangi inaweza kumpalia, uji mzito ukapita salama. Mketishe wima, ainamishe kidevu anapomeza. Kijiko kidogo, ameze, ndipo cha pili. Asizungumzishwe, na hapo sisi watu wa Dar tuna kazi, chumba kimejaa wageni na kila mmoja anataka salamu yake ijibiwe! Akimaliza, abaki ameketi nusu saa.

Akipaliwa, mwacheni akohoe. Msimpe maji ya kushushia. Ila akishindwa kukohoa wala kutoa sauti, amezibwa: mwinamisheni mbele, mpigeni kwa kiganja kati ya mabega, mwingine aite msaada. Na akikohoa kila anapomeza, hata mate, apelekwe hospitali. Huenda pana tundu kati ya umio, yaani njia ya chakula, na koo la hewa.

Kikohozi chenyewe: chenye makohozi msikizime ovyo, atoe. Kikavu kinachomnyima usingizi kina dawa, ikiwemo mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu. Najua jina hilo linatisha. Kwa kipimo cha daktari hutuliza kikohozi na kuhema. Hufunga choo, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha. Wahudumu wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, pale hospitali ya saratani ya Ocean Road watawaelekeza. Jiko la mkaa, udi na dawa ya mbu ya kuchoma vitoke chumbani.

Damu? Michirizi kwenye kohozi, mjulisheni daktari siku hiyohiyo. Ikija nyingi, mlazeni ubavu wa pafu lenye uvimbe ili lile zima lisijae, mkimbizeni hospitali. Taulo liwe la rangi nzito. Damu kwenye nyeupe humtisha mgonjwa bure.

Haya, maswali. Mama wa kitenge cha kijani, karibu.