Skeli za Bebop na Noti Inayorekebisha Mapigo

(Wenyeji wa kipindi ni wawili, mpiga gitaa na mpiga saksafoni, na mazungumzo yamerekodiwa Kinondoni, Dar es Salaam.)

GITAA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunajibu swali la wapigaji wengi wa bendi za dansi hapa jijini: kwa nini mtu mwenye vidole vyepesi, anayeijua skeli ya C (ngazi ya noti kutoka do hadi do) kutoka mwanzo hadi mwisho, akibuni solo juu ya kodi za jazi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, husikika kama anapita kando ya wimbo? Mwalimu, shikamoo.

SAKSAFONI: Marahaba, dada. Mara nyingi noti zake ni sahihi, ila zinaangukia mahali pasipofaa. Katika seben, ile sehemu ya wimbo wa dansi ambapo magitaa hutawala, kodi chache hujirudia, na mpiga solo hupata nguvu kwa kurudia kifungu kimoja na kukigeuza kidogo kidogo mpaka ukumbi wote usimame. Bebop, mtindo wa jazi ambao akina Charlie Parker, Dizzy Gillespie na Thelonious Monk waliujenga New York katika miaka ya 1940, inadai jambo tofauti. Kodi hubadilika kila kipimo, yaani kila kundi la mapigo manne, pengine mara mbili ndani ya kipimo kimoja, na solo inatakiwa ioneshe mabadiliko hayo hata kama gitaa na besi zimenyamaza.

GITAA: Tuchukue basi mfuatano unaopatikana karibu kila mahali katika jazi: D maina 7, G7, kisha C meja 7. Kwa waliolelewa katika kwaya, hizo ni re-fa-la-do, so-ti-re-fa, na do-mi-so-ti.

SAKSAFONI: Mwanakwaya ana faida kubwa hapa. Ile do ya kodi ya kwanza hushuka nusu toni ikawa ti, ambayo ni noti ya tatu ya G7 ukihesabu ngazi kuanzia so: so, la, ti. Na fa ya G7 hushuka nusu toni ikawa mi, ambayo ni noti ya tatu ya C. Mtu akiiimba mistari hiyo miwili, sikio lake hutambua kodi inapobadilika bila kuambiwa. Kwa maoni yangu, asishike skeli yoyote kabla ya hapo.

GITAA: Hapo tunatofautiana, Mwalimu. Mpiga gitaa anahitaji umbo la kushika kwenye shingo ya gitaa. Ukimwachia noti mbili tu, wiki ijayo humwoni. Mimi ninampa skeli siku hiyo hiyo.

SAKSAFONI: Mpe, lakini mpe yenye noti nane. Piga skeli ya kawaida ya G7 ukishuka, noti mbili kwa kila pigo: so, fa, mi, re, do, ti, la, so. Sasa sikiliza noti zinazokaa juu ya mapigo manne yenyewe: so, mi, do, la. Hizo ni noti za A maina 7! Umekusudia kupiga G7, na msikilizaji anasikia kodi nyingine.

GITAA: Na kwa kuwa skeli ina noti saba, ukiendelea kushuka oktava ya pili mpangilio unahama tena.

SAKSAFONI: Naam. Sasa ongeza fi, yaani fa iliyopandishwa nusu toni, kati ya so na fa: so, fi, fa, mi, re, do, ti, la, kisha so. Juu ya mapigo zinakaa so, fa, re, ti, yaani G7 kamili, na so ya chini inawadia pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. Wengi huifundisha fi hiyo kama kiungo cha kuleta ladha, nami naona wanakosea, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni ya mapigo. David Baker wa Chuo Kikuu cha Indiana alizieneza skeli hizi za noti nane, ziitwazo skeli za bebop, katika ufundishaji. Mpiga piano Barry Harris wa Detroit naye alifundisha kwa miongo mingi kwamba juu ya D maina 7 na G7 mtu anaweza kufikiria G7 peke yake, na ushauri huo unampunguzia mwanafunzi nusu ya mzigo.

GITAA: Swali ninaloulizwa sana ni hili: nikianzia noti isiyo ya kodi, kwa mfano mi juu ya pigo, nifanye nini?

SAKSAFONI: Ukishuka moja kwa moja utabaki upande usiofaa. Weka nusu toni moja ya ziada mapema, mi, mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu toni), re, na re itakaa juu ya pigo la pili. Kuanzia hapo endelea kama kawaida.

GITAA: Na mwendo? Kuna vijana wanaoanza na kasi ya Parker katika "Ko-Ko" ya mwaka 1945.

SAKSAFONI: Ile inakaribia mapigo 300 kwa dakika. Waanze na 60, na metronomu igonge pigo la pili na la nne tu. Wakishazoea, wachukue sehemu ya kati ya wimbo "I Got Rhythm" katika B bemoli: D7, G7, C7, F7, kila kodi vipimo viwili. Oktava moja ya kushuka hujaza kipimo kimoja, kwa hiyo kipimo cha pili kinabaki wazi kwa kifungu cha kwako mwenyewe. Wasikimbilie kukijaza, kukaa kimya humo kunaruhusiwa.

GITAA: Wapigaji wa saksafoni wanaofanya mazoezi nami wakumbuke kwamba noti za saksafoni huandikwa tofauti na za gitaa: G yangu ni E kwenye saksafoni ya alto na A kwenye ya tenori.

SAKSAFONI: Na waiandike kwenye daftari kabla ya kuja mazoezini, maana kuhesabu huku bendi inapiga ni adhabu. Wiki ijayo tutazipitia bluzi za vipimo 12 kwa skeli hii hii.