Jeti ya maji yaliyojaa

Assalam aleykum wazee wangu, mama zetu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma, sogeeni jamani mikeka bado ipo huku mbele. Nimeombwa niongee juu ya haya maoni tunayoitwa kutoa kila kaunti au manispaa ikitaka kujenga kitu, iwe soko, kichinjio, vyoo vya umma, chochote kile. Mimi nitaanza na jeti, yaani gati la kufungia mashua, kwa sababu hiyo ndio inayoniuma.

Kuna jeti moja humu visiwani Lamu, siitaji, nilikuwepo siku ya mkutano wake. Injinia alikuja na ramani kubwa akaitandaza mezani akaweka chupa za maji kwenye pembe isipeperuke, na juu ya ramani kulikuwa na picha, maji yamejaa, mashua imefunga ubavuni, watu wanateremka kama mtu anayetoka ukumbini kwenda barazani. Tukapiga makofi, na mimi nilipiga. Bimkubwa mmoja alikuwa amekaa karibu na mlango na buibui lake, mkono ameunyoosha toka mapema, akapewa nafasi mwisho kabisa watu washaanza kutafuta viatu, akasema, "Mwanangu, hii mumeijengea maji ya kujaa. Yakipwa nishukeje mimi na magoti haya?" Karani akaandika, nilimuona kwa macho yangu akiandika. Halafu tukasaini rejista, tukapewa soda, tukaenda zetu, na jeti ikajengwa vile vile ilivyokuwa kwenye picha.

Sasa nyinyi si wageni, bamvua la kwetu mnalijua, zile siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kati ya kujaa na kupwa maji yanapishana zaidi ya mita 3. Nenda pale siku ya bamvua saa nne asubuhi uangalie. Ngazi zinaishia juu, mashua iko chini kule, na ile ngazi ya mwisho imeota ukoga wa kijani unateleza kama sabuni, kwa hio watoto wanapokezanwa kwa makwapa, gunia la unga linavutwa kwa kamba. Siku moja nilikuta mama mjamzito ameshikwa na uchungu analetwa hospitali, wamembeba kwenye shuka wanaume wanne, mmoja mguu ukamtoka akapiga goti kwenye jiwe na shuka hakuiachia, damu inamtoka gotini na bado anasema twendeni twendeni. Nikamkumbuka yule bimkubwa pale pale.

Maoni yake hayakukataliwa, mnaona? Yaliandikwa. Lakini kwenye ripoti yalikuwa sauti ya mtu mmoja, na waliopiga makofi walikuwa wengi, basi ikaandikwa wananchi wameunga mkono mradi, na kweli waliunga mkono. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize, maoni hayahesabiwi kama kura. Kwenye kura mkono wangu na wako ni sawa, lakini kwenye kujenga jeti, mtu mmoja aliyeshuka hapo kwa miaka 40 anajua kitu ambacho sisi mia na makofi yetu hatukijui, na kazi ya hao waliokaa mezani ni kusimama hapo waulize, huyu mama amesema kweli ama si kweli? Kama ni kweli ramani ibadilishwe. Kama haiwezekani, pesa haitoshi, au mwamba hauchimbiki, iandikwe hivyo mbele ya maoni yake na arudishiwe jibu.

Na msidhani ninaomba hisani. Katiba ya 2010 kifungu cha 10 kimeweka ushiriki wa wananchi kati ya misingi ya utawala, kifungu cha 196 kimelibebesha bunge la kaunti jukumu hilo, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ina sehemu nzima ya mambo haya. Tena sisi watu wa Lamu ndio tuliofanya nchi nzima ijue uzito wake. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalum ya mazingira ilifuta leseni ya kile kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Kwasasi, megawati 1,050, na moja ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilikuwepo! Watu waliitwa, walikaa, walielezwa, ila ule uchunguzi wenyewe wa madhara hawakuletewa waujadili inavyotakiwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kesi ya bandari mpya ya Lamu, Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kwa hio mtu akikwambia aah mkutano ulifanyika si mlisaini, mjibu kuketi kwenye kiti sio kushirikishwa.

Tena tazama na nani hakuwepo. Mkutano unapangwa saa nne, hapa mjini, na saa nne siku za bamvua ndio maji yametoka kabisa. Mnakumbuka miaka ile mashua za Faza na Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, zinakaa Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, zinangoja maji, watu wamepigwa jua, mkutano huku ushafungwa kwa dua. Mvuvi naye saa hizo yuko baharini, mama yuko jikoni. Halafu inasemwa watu wa Pate hawakuwa na maoni.

Kitu kingine ni muda, na hapa makosa ni yetu pia. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa yafike bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata kufikia tarehe 1 Septemba. Sisi tunaamka siku kontrakta ameshusha mchanga. Ukitaka ngazi ishuke mpaka chini iombe wakati ramani bado ni ya penseli, tenda ikishatoka hata mjumbe anayekupenda hana la kukufanyia zaidi ya kukupa pole.

Sasa kuna huu mkutano wa soko jipya. Umewekwa Jumanne saa nne, nimetazama mwezi wa angani, Jumanne ni kumi na tano, mwezi mpevu, bamvua. Nimeandika barua usogezwe wiki moja mbele, siku za maji mafu, bahari haijai sana wala haipwi sana, na saa nne maji yako juu, na Faza wafanyiwe mkutano wao huko huko. Barua iko kwa huyu kijana mwenye kanzu ya kahawia hapo mlangoni, kalamu anayo, asiyeweza kuandika aweke kidole. Na yule bimkubwa nimeenda kwake jana, amesema atakuja, anataka kuuliza maji ya kuoshea samaki yatapita wapi.