Kwa nini sofa ya leza inatoka magamba

Haya jamani, naona wengi humu ni mafundi sofa wa Keko na wale wa siti za bodaboda, kwa hiyo leza mnaijua, mnaishika kila siku. Leo naongelea jambo moja, kwa nini mteja anarudi na sofa imetoka magamba kama kenge afu anakuita tapeli.

Leza feki, ile ya kuigiza ngozi, ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Geuza nyuma utakiona. Huko kiwandani wanapaka, wanapitisha kwenye moto, afu rola yenye nakshi inagandamiza, ndo mnaona ile michoro ya ngozi, ila ukikazia macho michoro inajirudia, ngozi ya ng'ombe haijirudii.

Sasa plastiki zenyewe zipo mbili. Kuna PVC, ndo ileile ya bomba la maji, ngumu, mpaka 1926 kule Marekani Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich akaichanganya na kilainishi ikawa inavutika kama mpira. Shida kilainishi hakijafungwa mle ndani, kinatoka kidogokidogo na jua linakiharakisha, ndo maana siti ya boda inayoshinda juani inakakamaa, afu inaanza kupasuka kwenye mshono ambako sindano ilishatoboa.

Ya pili ni PU, yaani polyurethane. Hii laini bwana, mteja akiigusa tu kaipenda! Adui yake ni joto na unyevu, vinaikata plastiki taratibu kwa ndani, na Dar vyote tunavyo, tena vya bure. Umewahi kuweka kiatu kwenye boksi hujakivaa, siku ya harusi unakitoa kinapukutika? Si uchawi huo, ni PU ya bei chee. Zipo zinazovumilia, ila bei yake mteja anakimbia.

Kwa hiyo mimi siti ya boda naweka PVC nzito, hata sofa ya huku pwani pia. Itakunatia mgongoni ukikaa kifua wazi, sawa, vaa shati. Kufuta ni maji na sabuni kidogo, petroli na tina ya rangi hapana. Na vile vipande vya PVC vinavyobaki msichome, moshi wa PVC una gesi ya asidi, unaunguza koo.

Enhe, we wa nyuma? Kupiga rangi leza iliyoanza kubanduka? Hapana kaka, rangi inashika kwenye gamba na gamba lenyewe linadondoka, vua yote uvalishe upya.