Kabla Hujabadilisha Spika

Mbukwenyi! Ahsanteni kwa kuja, hasa nyie wa viti vya nyuma, ambao najua mmezifuata hizi spika mbili na si mimi. Mtazisikia. Ila niwaudhi kwanza: kabla hujabadilisha spika, tazama chumba chako.

Nyumba zetu mpya za hapa Dodoma, kule Ilazo, Kisasa na Iyumbu, zinapendeza, lakini kwa muziki ni balaa. Chini vigae, juu jipsamu, ukutani saruji, kisha dirisha kubwa la kioo. Leo ukifika nyumbani simama katikati ya sebule, piga kofi moja. Ukisikia mlio unakimbia ukuta hadi ukuta, ujue hata mwimbaji wako anarudishiwa kila neno. Zulia, mapazia mazito, makochi ya kitambaa, kabati lililojaa vitabu: hivyo ndivyo vinavyomeza mwangwi, na vingi mnavyo tayari. Na sabufa, jamani, itoeni kwenye kona. Kona hukuza besi. Jirani analalamika anasikia mdundo tu. Na wewe mwenye nyumba unasikia huohuo, sema umeshauzoea.

Spika zenyewe zisibandikwe ukutani. Ziweke ili umbali kati yake ulingane na umbali wa kila moja hadi kwenye kiti chako, na kile kispika kidogo cha sauti nyembamba kiwe usawa wa sikio. Ukipatia, mwimbaji atasimama katikati, pale pasipo na spika yoyote. Nimeona watu wazima wakiinuka kutafuta spika ya tatu.

Tuje sasa kwenye albamu za kusikiliza. Kind of Blue ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, ilirekodiwa New York mwaka 1959, katika studio iliyokuwa kanisa. Dari ilikuwa juu sana, na urefu huo unausikia: tarumbeta ikinyamaza, chumba kinaendelea kidogo. Bendi zetu za dansi nazo, zile za enzi za Radio Tanzania, wanamuziki walipiga pamoja, na makosa madogo yakabaki humo humo. Mimi nayapenda.

Lakini nikitaka kupima mtambo wowote, naweka Chibite ya Hukwe Zawose, iliyotoka mwaka 1996. Huyu ni Mgogo wa hapa kwetu, aliyefariki mwaka 2003, na sauti yake hupanda kutoka nzito ya kifuani hadi nyembamba kabisa bila kupumzika. Sikilizeni ilimba yake, kile kisanduku chenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwenye sanduku la ilimba kuna tundu lililofunikwa kwa utando wa buibui, na chuma kinapopigwa utando hutetema, ukaongeza mkwaruzo mwembamba juu ya noti. Fundi mmoja, nisimtaje mji, aliwahi kuniambia spika imechanika. Haikuchanika! Mkwaruzo ule umewekwa makusudi. Kuna na vyuma ambavyo mpigaji havigusi. Vinaitikia vyenyewe wenzao wakipigwa. Kwenye spika mbovu, hayo yote yanakuwa kelele moja. Kwenye spika nzuri unatenganisha chuma, utando na pumzi ya mzee.

Chukua wimbo huohuo kwenye faili la MP3 lililobanwa sana. MP3 hutupa sauti ambazo inadhaniwa sikio halitagundua zimeondolewa, na ikibanwa kupita kiasi, milio ya juu ndiyo hutangulia kupotea. Mkwaruzo wa Zawose uko hukohuko juu. CD ya kawaida huchukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kila sekunde. Yatosha kabisa kwa masikio yetu, msidanganywe na wauzaji wa nyaya za bei ya pikipiki. Kinachoharibu zaidi ni mtindo uliokolea tangu miaka ya 1990, wa kupandisha sehemu tulivu za wimbo hadi zilingane na zenye kishindo. Wimbo mmoja wa hivyo kwenye baa, sawa. Albamu nzima sebuleni inachosha, na wengi hudhani wamechoshwa na muziki.

Mwisho, wenye santuri za wazee. Vumbi la Dodoma mnalijua: futeni kwa brashi laini kabla sindano haijagusa, kila mara. Zisimamisheni wima, msizirundike moja juu ya nyingine, na zisikae stoo ya bati mwezi wa kumi na moja. Zitapinda, na santuri iliyopinda sina dawa yake.