Kukarabati vyuma vya mlingoti kwenye mashua kuukuu ya tanga

Hamjambo watazamaji. Leo tuko uani kwangu, South B, na hiyo juu ya trela ni mashua ya tanga ya faiba, urefu wake futi 14. Imekaa miaka mingi kwenye maji ya chumvi kule Mtwapa kabla ya kupakiwa kwenye lori kuja Nairobi. Ikipona itakwenda Ziwa Naivasha. Zamani tungeishusha hapa karibu tu, Nairobi Dam, pale jirani na Kibera, watu walipokuwa wakitweka matanga. Magugumaji yakafunika bwawa. Kila nikipita pale roho huniuma.

Haya, kazi. Mlingoti wa mashua hii unashikiliwa na waya tatu: moja inakwenda omo, yaani mbele ya mashua, mbili zinashuka ubavuni, kulia na kushoto. Kila waya inaishia kwenye bamba la stenlesi lililofungwa mwilini kwa bolti. Bamba moja likikatika, mlingoti wote unaanguka.

Mimi umeshaniangukia. Ilikuwa Naivasha, alasiri, saa ambayo upepo wa pale huamka. Bamba lilikuwa linang'aa kama kijiko kipya, na lilikatika pale pale lisipoonekana, ndani ya sitaha, yaani sakafu ya juu ya mashua. Tulipiga makasia hadi ufuoni huku tukiangalia viboko upande wa pili. Tangu siku hiyo siangalii mng'ao tena. Nafungua.

Sababu ni hii. Stenlesi haili kutu kwa kuwa kromi iliyo ndani yake huungana na oksijeni ikafanya ngozi nyembamba juu ya chuma. Ngozi ikikwaruzwa, hewa huirudisha. Lakini chini ya bolti, ndani ya sitaha, mahali maji ya chumvi yametuama na hewa haifiki, ngozi hairudi. Hapo chuma huliwa kimyakimya.

Kwa hiyo laza mlingoti kwanza, kisha ng'oa bamba zote. Bolti ikigoma, iloweshe mafuta ya kulegeza kutu, uiache usiku kucha. Usiilazimishe, itakatikia ndani. Ukishatoa bamba, bonyeza faiba kwa kidole gumba kuzunguka tundu. Ikibonyea, mbao iliyo nyuma imeoza na lazima ibadilishwe kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa sogea karibu, nitaleta kamera hapa. Bamba hili nimelisafisha kwa msasa namba 400. Usitumie brashi ya waya wa chuma cha kawaida, maana huacha chembe ambazo baadaye hushika kutu. Kwa macho ni zima, sivyo? Nanyunyizia rangi nyekundu ya kutafutia nyufa. Mafundi wa kuchomelea wanaijua, utaipata Industrial Area. Nasubiri dakika 10, nafuta yote kwa kitambaa mpaka pawe pakavu, kisha nanyunyizia ile nyeupe inayokauka kama chaki. Tazama ukingo wa tundu la juu. Uzi mwekundu, mwembamba kama unywele, unatoka tundu kuelekea pembeni. Ule ni ufa, na rangi iliyojificha ndani yake sasa inapanda juu. Bamba hili halichomelewi wala halirudi. Ni kutengeneza jipya.

Nimekata jipya kwa stenlesi ya namba 316, inayostahimili chumvi kuliko ile ya kawaida ya namba 304, unene ule ule wa lile la zamani, na la zamani ndilo kipimo changu cha matundu. Unapotoboa, drili iende polepole, ukandamize kwa nguvu, uweke oili. Ukiikimbiza bila kukandamiza, chuma kinakuwa kigumu zaidi pale pale na ncha ya drili inakufa. Lainisha kingo kwa tupa.

Kuhusu bolti, nenda dukani na sumaku. Niliwahi kuuziwa bolti nikiapiwa ni stenlesi, kumbe ni chuma kilichopakwa, na miezi michache baadaye zikawa za rangi ya chai. Sumaku ikinasa kwa nguvu, rudisha. Isiponasa, bado haijakuambia kama ni 304 au 316, kwa hiyo uliza na usome kichwa cha bolti.

Kabla ya kufunga, panua kidogo mdomo wa tundu kwenye faiba, gundi ya poliyurithani ipate pa kukaa kama pete. Hiyo ndiyo inayozuia maji.

Kwenye mlingoti wenyewe, ambao ni wa alumini, angalia unga mweupe kuzunguka ribiti. Alumini na stenlesi zikigusana kwenye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Toa ribiti kwa drili, kwangua unga, paka grisi ya lanolini katikati ya vyuma viwili, ndipo upige ribiti mpya.

Waya: pitisha pamba taratibu kutoka juu hadi chini. Hii ina nyuzi 19. Pamba imenasa hapa, uzi mmoja umekatika karibu na mwisho. Nabadilisha waya hii na mwenzake wa upande wa pili, kwa sababu umri wao ni mmoja. Pini zinazofunga waya kwenye bamba nazo zipate splitipini mpya, vile vipini vya miguu miwili vinavyozuia pini isichomoke. Tanua miguu yake kidogo tu, usiikunje kama ndoano, halafu zungusha tepu isije ikapasua tanga.

Kabla hujasimamisha mlingoti, simama, inua macho. Uani kwetu Nairobi nyaya za stima hupita popote, na mlingoti wa alumini ukigusa waya wa stima, anayeushika anakufa. Mimi nasukuma trela hadi pale peupe, karibu na geti, na kijana wangu anashika mguu wa mlingoti.

Kaza waya za ubavuni sawasawa, ukihesabu mizunguko ya skrubu za kukazia. Chungulia juu kando ya mlingoti uone kama umenyooka. Huu umenyooka. Kesho alfajiri tunakwenda Naivasha, na baada ya saa moja majini nitarudi ufuoni kukaza tena, maana waya mpya hulegea ikishavutwa na upepo.