Mnapotuambia "rudi nyumbani", mnataka nini hasa?

Karibuni tena, ndugu zangu. Video ya leo ni yenu nyinyi mlio nyumbani kuliko sisi tulio huku: wazazi, dada na kaka wakubwa, shangazi anayepiga simu usiku. Kijana akiwa ughaibuni, maneno yenu yana uzito mkubwa kwenye uamuzi wake wa kurudi au kubaki.

Kwa kawaida kuna tukio linaloanza: masomo yameisha, kazi imekatika, ndoa imevunjika, mzazi ameugua. Hapo ndipo damu huvuta. Huko Marekani hilo lilionekana wazi wakati wa korona. Kwa hesabu za Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya huko, vijana wa miaka 18 hadi 29 waliokuwa wakiishi na mzazi walipanda kutoka asilimia 47 Februari 2020 hadi asilimia 52 Julai. Kazi na vyuo vilifungwa, mlango wa mzazi ukabaki wazi.

Sasa kuna sentensi moja naomba muiache: "Rudi tu, mengine tutayapanga ukifika." Huyu kijana hajui kama mnahitaji mikono yake, fedha zake, au mmemkumbuka tu. Kama ni kumkumbuka, mwambieni hivyo hivyo, aje likizo. Kama ni mikono, zitajeni kazi zenyewe. Nani anampeleka mama kliniki, mara ngapi kwa mwezi? Nani analala naye? Dawa anazisimamia nani? Ziandikeni kwa saa. Zikifika saa 10 kwa wiki, huenda mtu wa kulipwa anatosha, na wa kumlipa ni huyo huyo aliye ng'ambo. Zikiwa za usiku na mchana, basi kweli mtu arudi.

Lakini wengi hujikwaa hapa: anayeitwa arudi ndiye anayetuma fedha. Siku anapopanda ndege, bomba limefungwa, na mgonjwa bado anahitaji dawa. Kwa hiyo kabla ya tiketi, orodhesheni kila kinacholipwa kwa fedha yake, iwe ada, kodi, matibabu au deni, na mbele ya kila kimoja jina la atakayekibeba na mwezi wa kuanza. Akiba ninayoshauri ni ya miezi 6, tena ya matumizi ya nyumba nzima, si ya kijana peke yake. Kutafuta kazi upya hula muda kuliko mnavyodhani.

Halafu kuna yule ndugu aliyebaki. Huyu, jamani, husahaulika kabisa. Amemuuguza mzazi miaka, anajua daktari yupi husikiliza na dawa ipi humchafua tumbo. Anayerudi anaingia na mapendekezo wiki ya kwanza, na wazazi wanamsikiliza yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa akituma. Ugomvi huanzia hapo, na wengine hufungasha tena kwa sababu ya ugomvi huo. Anayerudi azungumze na huyo ndugu peke yake, kabla ya kikao cha familia, amuulize anataka kupunguziwa nini. Mwezi wa kwanza afuate utaratibu alioukuta.

Msisahau makaratasi, maana "miezi miwili tu" ya kuuguza hugeuka miaka. Mwenye ukaazi wa kudumu Uingereza kwa kawaida huupoteza akikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Mwenye grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, anayetarajia kukaa nje mwaka 1 au zaidi anapaswa kuomba kibali cha kuingia tena Marekani, na ombi hilo hulipeleka akiwa bado huko, si baada ya kuondoka.

Ikiwezekana, aje kwanza wiki 4 hadi 6, na isiwe msimu wa sikukuu. Msimpokee kama mgeni. Apewe zamu yake, na mkubaliane mapema kuhusu funguo, saa za kurudi usiku na wageni wake, maana mtu mzima akilazwa chumba chake cha utotoni huanza kuamrishwa kama mtoto bila mtu kukusudia.

Kwa hiyo mkipiga simu, semeni namna hii: "Tunahitaji mtu wa kulala na baba kuanzia mwezi wa nne, kwa miezi 6. Ukija, kaka yako atalipa ada. Mwezi wa kumi tunakaa tena kuamua." Kisha mpeni wiki mbili za kufikiri kabla hamjapiga tena.